Faili la Muda: Hatari Iliyojificha Katika Tarakilishi ya Watu Wengi

Katika soko la Matulo, kilomita chache kutoka mji wa Webuye katika kaunti ya Bungoma, kama ilivyo katika masoko mengi ya eneo lililo kati ya Bungoma na Kitale, mwananchi hana ofisi ya serikali iliyo karibu naye kuliko duka la saiba. Tangu huduma za serikali zianze kukusanywa katika tovuti ya eCitizen mwaka wa 2014, na ulipaji wa ushuru nao uhamie mtandaoni, mwenye tarakilishi mbili na printa moja amekuwa karani wa kijiji. Huko ndiko anakoendea kijana aliyemaliza kidato cha nne ili ajaze fomu ya mkopo wa HELB. Huko ndiko anakoendea mwalimu mstaafu atafutaye cheti chake, na mama anayetaka kuchapishiwa hati ya kipande cha shamba.

Msomaji na amtazame huyo kijana. Ameketi mbele ya tarakilishi, amefungua barua pepe yake, amepakua nakala ya kitambulisho chake, ya baba yake na ya mdhamini. Amezifungua moja moja ili ahakikishe zinasomeka. Amejaza fomu, ameichapisha, amelipa, ameondoka. Kabla ya kuondoka alifunga barua pepe kwa uangalifu, kwa maana shuleni alifundishwa kwamba nywila ni siri. Hata hivyo, nakala tatu za vitambulisho zimebaki katika tarakilishi ile, na huenda fomu yenyewe ingali imelala katika foleni ya printa. Atakayeketi hapo baadaye hahitaji nywila ya mtu ili azisome.

Nakala kama hizo huitwa mafaili ya muda. Makala haya yanakusudia kueleza mafaili hayo ni nini, kwa nini yamewasumbua watungaji wa programu kwa zaidi ya miongo mitatu, na kwa nini tatizo linaloonekana kuwa la wataalamu wa mbali limefika hadi katika duka la sokoni.

Neno na kitu

Kwa kuwa jarida hili ni la wanafunzi wa Kiswahili, si vibaya kuanza na neno lenyewe. Kivumishi cha a-unganifu katika "faili la muda" hutoa ahadi: kwamba kitu hiki kina mwisho, na kwamba mwisho huo u karibu. Lakini kivumishi hicho hakisemi ni nani atakayeumaliza muda huo. Kibarua wa muda ana mwajiri wa kumwachisha. Faili la muda huachishwa na nani? Katika matumizi ya kila siku Waswahili wanalifahamu vyema pengo hili, ndiyo maana hakuna anayeshangaa kuona daraja la muda likivukwa na wajukuu wa walioliweka, au mabanda ya muda yaliyojengewa wachuuzi yakizeeka pamoja na wachuuzi wenyewe. Katika tarakilishi, kinyume chake, watu huliamini neno. Huambiwa faili ni la muda nao hudhani limekwisha kufa.

Programu huunda mafaili haya kwa sababu za haki kabisa. Programu ya kuandikia huweka nakala ya pembeni ya insha inayoandikwa ili umeme ukipotea kazi isipotee yote. Word ya Microsoft, isipobadilishwa, hufanya hivyo kila baada ya dakika 10. Kivinjari huhifadhi picha na kurasa zilizofunguliwa ili zisipakuliwe upya. Printa huhitaji mahali pa kuweka waraka unaosubiri zamu. Programu ya kufungulia mafaili yaliyobanwa huyatandaza mahali fulani kwanza ndipo iyasome. Haya yote ni kama karatasi ya kufanyia hesabu pembeni. Ubaya hauko katika kuwa na karatasi hiyo. Uko katika mahali inapoachwa, katika jina iliyopewa, na katika macho yanayoweza kuifikia.

Katika mifumo ya jamii ya Unix, ambayo mwanzo wake ni maabara za Bell nchini Marekani mwaka wa 1969, na ambayo Linux ni mrithi wake, mahali hapo ni folda moja iitwayo /tmp. Folda hii ni uwanja wa umma. Mtumiaji yeyote wa tarakilishi ile anaweza kuweka faili lake humo. Ipo kanuni moja tu ya ujirani mwema: aliyeweka faili ndiye awezaye kulifuta, pamoja na msimamizi mkuu wa mfumo na mwenye folda yenyewe. Kanuni hiyo huzuia mtu asiyafute ya mwenzake. Haizuii kuyasoma, iwapo mwenyewe hakuyafunga, wala haizuii kutangulia kuweka kitu kwa jina ambalo mwenzake anakaribia kulitumia.

Mkasa wa OpenOffice

Mwaka wa 2004 wapenzi wa Kiswahili walikuwa na jambo la kufurahia. Mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, yaani programu ya ofisi ambayo menyu zake na maelekezo yake yalikuwa katika Kiswahili. Kwa mara ya kwanza mwanafunzi aliweza kuandika insha na kukokotoa hesabu bila kupitia lugha ya wengine. Kazi iliyofanywa na waliobuni istilahi za mradi ule inastahili kusifiwa hata leo.

Mwaka uleule, programu mama ya OpenOffice, ambayo Jambo ilitafsiriwa kutoka kwayo, iligunduliwa kuwa na dosari inayolihusu somo hili moja kwa moja. Faili la OpenOffice, ingawa mtumiaji huliona kama waraka mmoja, kwa kweli ni furushi lililobanwa lenye mafaili kadhaa ndani yake. Toleo la 1.1.2 lilipokuwa likiendeshwa katika Linux na mifumo ya jamii yake, liliunda folda yake ya kazi ndani ya /tmp kwa jina lililoweza kubashiriwa, na halikuifunga. Kwa hiyo, wakati mwalimu alipokuwa amefungua mtihani anaoutunga, mwanafunzi aliyeingia katika mfumo uleule kwa jina lake mwenyewe angeweza kupita /tmp, kuiona folda ile, na kuunakili mtihani wakati mwalimu angali anauandika. Hakuvunja nywila ya mtu. Folda ya nyumbani ya mwalimu ilikuwa imefungwa barabara. Nakala yake ndiyo iliyokuwa uwanjani.

Dosari hiyo iliorodheshwa kwa nambari CVE-2004-0752, ikarekebishwa katika toleo la 1.1.3 mwaka huohuo. Dawa yake ilikuwa ndogo: folda ya kazi iundwe tangu mwanzo ikiwa imefungwa kwa wote isipokuwa mwenyewe. Udogo wa dawa haupaswi kumdanganya mtu kuhusu ukubwa wa ugonjwa. Katika chuo chenye maabara ambamo mamia ya wanafunzi hutumia mfumo mmoja, tofauti kati ya folda iliyofungwa na isiyofungwa ni tofauti kati ya siri na tangazo.

Wala ugonjwa haukwisha hapo. Mwaka wa 2020, miaka 16 baadaye, Guava, maktaba ya programu iliyotungwa na Google na kutumiwa na watungaji wengi wa lugha ya Java, ilionekana kuwa na kosa la ukoo huohuo: folda zake za muda ziliweza kusomwa na watumiaji wengine wa tarakilishi. Mwaka huohuo JUnit, chombo cha kujaribia programu za Java, kilikutwa na lile lile. Wataalamu wanaojua kanuni kwa moyo huzisahau pale wanapodhani kwamba wanafanya jambo dogo la pembeni.

Pengo kati ya kutazama na kutenda

Kusomewa nyaraka ni nusu ya hatari. Nusu ya pili ni ngumu zaidi kuieleza, nayo huwapata hata wasio na siri ya kuficha.

Achukuliwe mchuuzi wa nyanya anayefika sokoni alfajiri. Anatazama mahali pake pa kawaida, anaona pako wazi. Anageuka kwenda barabarani kumwita hamali aliyebeba makreti. Katika dakika hiyo moja mtu mwingine anachomeka kibao pale mahali, kilichoandikwa: "Mizigo ya hapa ipelekwe katika ghala la fulani, imwagwe juu ya vilivyomo." Hamali anafika, ni mtiifu kupita kiasi, anafuata kibao. Nyanya zinamwagwa juu ya unga wa mtu. Mchuuzi hakukosea kutazama. Alikosea kudhani kwamba alichokiona wakati wa kutazama ndicho kitakachokuwapo wakati wa kutenda.

Hivyo ndivyo ilivyo katika tarakilishi. Mifumo ya Unix ina kitu kiitwacho kiungo, yaani jina lisilobeba maandishi yoyote ya kwake bali linaloelekeza kwenye faili jingine. Programu ikiamriwa kuandika katika jina hilo, maandishi huenda kule kinakoelekeza. Sasa programu ya chuo, inayoendeshwa na msimamizi mkuu kila usiku ili kukusanya alama, hutumia faili la muda katika /tmp lenye jina kama "alama" likifuatwa na nambari ambayo mfumo huipa kila programu inapoanza. Kwa kawaida ya Linux ya miaka ile nambari hizo hazikuzidi 32,768. Mdukuzi hahitaji kuotea. Anaweza kuunda viungo kwa nambari zote hizo jioni, kila kimoja kikielekeza kwenye faili muhimu la mfumo, kisha akalala. Usiku programu inaamka, inaandika alama katika "faili lake la muda", na kwa mamlaka ya msimamizi mkuu inafutilia mbali faili ambalo mdukuzi mwenyewe asingeruhusiwa hata kuligusa.

Mtungaji wa programu akijitetea kwamba aliangalia kwanza kama jina lile lipo, atakuwa anarudia kosa la mchuuzi wa nyanya. Kati ya amri ya kutazama na amri ya kuunda kuna pengo, pengine la sehemu ndogo mno ya sekunde, lakini tarakilishi hufanya mengi katika sehemu hiyo, na mdukuzi anaweza kujaribu mara elfu. Uchunguzi wa mapengo ya namna hii si wa jana; Matt Bishop na Michael Dilger walichapisha utafiti wao kuyahusu mwaka wa 1996.

Suluhisho ni kuunganisha vitendo viwili kuwa kimoja. Badala ya kuuliza "Je, lipo?" na kisha kuamuru "Liundwe," programu huuambia mfumo kwa mkupuo: liundwe iwapo tu halipo, na kama kuna chochote chenye jina hilo, hata kiungo, amri ikataliwe. Mfumo ndio unaohakikisha kwamba hakuna awezaye kujipenyeza katikati. Katika lugha ya C, kazi iitwayo mktemp ilimpa mtungaji jina tu na kumwachia pengo; mkstemp humpa faili lililokwisha kuundwa, likiwa limefungwa kwa wengine. Herufi moja ya katikati ndiyo inayotenganisha usalama na balaa, jambo ambalo mwanafunzi wa fonolojia huenda akalifurahia. Zana za GNU za kuundia programu humwonya mtungaji kwamba mktemp ni hatari, na kanuni za POSIX za mwaka wa 2008 ziliiondoa kabisa. Lugha ya Python nayo iliitia alama ya kuachwa kazi yake ya jina hilohilo tangu toleo la 2.3 la mwaka wa 2003, ijapokuwa ingali humo kwa ajili ya programu za zamani.

Pamoja na maonyo yote hayo, watu waliendelea. Mwezi wa Agosti mwaka wa 2008 vifurushi vya mfumo wa Debian vilipekuliwa ili kutafuta kosa hili, na orodha ndefu ya programu zilizoshukiwa ikatolewa. Nyingi ya hizo zilikuwa hati fupi za amri, zile ambazo mtungaji huziandika jioni moja ili zimsaidie kazi ndogo, naye hafikirii kwamba siku moja zitasambazwa kwa ulimwengu mzima. Hatimaye waundaji wa Linux waliamua kutowasubiri watungaji wote watubu. Toleo la 3.6 la kiini cha Linux, lililotoka mwaka wa 2012, lilileta kinga ya kukataa kukifuata kiungo kilichowekwa na mtu mwingine katika folda ya umma kama /tmp, na mifumo mingi inayotumiwa leo huja na kinga hiyo ikiwa imewashwa. Huduma za mfumo nazo zinaweza kupewa kila moja /tmp yake, isiyoonekana na nyingine. Uwanja wa umma umegawanywa vyumba.

Simu ya mkononi

Ingekuwa kosa kudhani kwamba mambo haya huwahusu wenye Linux pekee. Watu wengi wa Matulo na viunga vyake hushika simu ya Android mara nyingi zaidi kuliko wanavyoketi mbele ya tarakilishi, na kwa miaka mingi Android ilikuwa na uwanja wake wa umma: hifadhi ya nje, ambayo programu yoyote iliyopewa ruhusa iliweza kuisoma na kuiandikia.

Mwezi wa Agosti mwaka wa 2018 mchezo wa Fortnite ulitolewa kwa simu za Android bila kupitia duka la Google. Mtumiaji alisakinisha kwanza programu ndogo, nayo ikampakulia mchezo wenyewe. Wahandisi wa Google waligundua kwamba programu hiyo ndogo iliweka faili lililopakuliwa katika hifadhi ya nje. Programu nyingine iliyokuwamo katika simu ileile, kama ile ya tochi au ya kupambia picha, ingeweza kuvizia upakuaji ukamilike, ikaliondoa faili halali na kuliweka lake kabla ya usakinishaji kuanza. Kampuni ya Epic, yenye mchezo huo, ilirekebisha kosa hilo kwa haraka. Pengo ni lile lile la mchuuzi wa nyanya. Tangu Android 10 ya mwaka wa 2019, mfumo umekuwa ukiwabana watungaji ili kila programu iwe na chumba chake hata katika hifadhi ya nje.

Kurudi dukani

Sasa kijana wa Matulo. Je, kinga hizi zote zinamfaa? Jibu ni la kusikitisha: karibu hakuna hata moja. Kinga zote zilizoelezwa humtenga mtumiaji mmoja na mwingine, na mfumo huwatofautisha watu kwa akaunti zao. Windows kwa mfano humpa kila mwenye akaunti folda yake ya mafaili ya muda, na kwa kawaida mwenye akaunti nyingine asiye msimamizi hawezi kuifungua. Lakini katika duka la saiba akaunti ni moja. Mteja wa asubuhi na mteja wa jioni, machoni pa tarakilishi, ni mtu yule yule. Vyumba vipo, ila wateja wote wamepewa ufunguo wa chumba kimoja.

Ndiyo maana folda ya vilivyopakuliwa katika tarakilishi za namna hii huwa kama daftari la wanakijiji: vitambulisho, vyeti vya KCSE, barua za maombi ya kazi, taarifa za M-Pesa zilizoombwa kwa ajili ya mkopo. Nakala ya kitambulisho si karatasi tu. Kwa jina na nambari zilizomo, mtu mwovu anaweza kujaribu kusajili laini ya simu au kuomba mkopo unaomwangukia mwingine. Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 inalinda faragha ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inataka data ya mtu isihifadhiwe kwa muda mrefu kuliko unaohitajika kwa kusudi lililoikusanya. Hapo neno "muda" limewekewa mwenye kuwajibika, jambo ambalo tarakilishi yenyewe haifanyi.

Mwenye duka anaweza kufanya mengi bila gharama. Anaweza kufungua akaunti ya wageni isiyo na mamlaka na kuipangia ifutwe kila mteja anapoondoka. Anaweza kuweka kivinjari kifunguke katika hali ya faragha, ingawa ni lazima ifahamike kwamba hali hiyo husahau kurasa zilizotembelewa lakini haiyafuti mafaili ambayo mteja ameyapakua. Mteja naye, kabla ya kuinuka, anaweza kuingia katika folda ya vilivyopakuliwa, akafuta vilivyo vyake, kisha akafuta tena katika pipa la taka. Hata hapo maandishi yenyewe hubaki katika diski hadi mengine yaandikwe juu yake, na mwenye zana na subira anaweza kuyafufua. Lakini kati ya mpekuzi mwenye zana na jirani mdadisi, wa pili ndiye mwingi zaidi.

Linalosahauliwa kuliko yote ni printa. Waraka unapotumwa kuchapishwa, Windows huuweka katika folda maalumu ya foleni: faili moja hubeba maandishi yenyewe, jingine maelekezo ya kuuchapisha. Kazi ikikamilika yote mawili hufutwa. Lakini wino ukiisha, au karatasi ikikwama, au umeme ukikatika katikati, yanabaki. Kuzima tarakilishi na kuiwasha hakuyaondoi. Foleni huendelea pale ilipoishia. Kijana aliyeambiwa na mwenye duka arudi kesho wino utakapopatikana huondoka akidhani hajaacha kitu. Asubuhi wino unawekwa, mashine inaguruma, na ukurasa wa kwanza kutoka, mbele ya mteja aliyekuja kuchapisha ratiba ya mazishi, ni nakala ya kitambulisho cha baba yake.